Unga wa Pumzi ya Mbaluka

Kila jioni baada ya masomo, Mbaluka alikuwa na kazi moja: kupuliza. Madam Mukami, mwalimu wa sayansi wa gredi ya sita, alimpa mrija na chupa ya maji ya chokaa, safi kabisa. Mbaluka alipuliza mpaka mashavu yakamvimba, na maji yakageuka meupe kama maziwa.

"Puliza tu, usivute!" Madam alikuwa akimkumbusha. "Maji hayo yakiingia kinywani yatakuunguza."

Kalunde, mwenzake wa kikundi, alingoja weupe ule utulie chini ya chupa, kisha akauchuja kwa kitambaa. Mawe ya chokaa yalitoka hapo hapo karibu na mji wa Mutomo. Madam mwenyewe aliyachoma kwa moto mkali, akayatia maji huku wanafunzi wakisimama mbali. Sasa, kwa pumzi ya Mbaluka, chokaa ile ilikuwa inarudi kuwa kitu kile kile kilichokuwa ndani ya jiwe, yaani kalsiamu kaboneti. Unga ukifaulu jaribio la limau siku ya Jumatatu, wasichana hao wawili wangeiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi mjini Kitui. Mbaluka hakuwahi kufika Kitui hata siku moja. Alikuwa ameshafua sweta yake ya safari.

Ijumaa, Kalunde alipewa unga ule mbichi akaukaushe nyumbani.

"Uanike ndani ya nyumba," Madam alimwonya. "Umenisikia?"

Alisikia vizuri sana. Lakini Jumamosi wenzake walimwita wakacheze mpira wa kati, naye akaiacha sahani juu ya ukuta mfupi wa uani, akatoka mbio. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu, tena imeoshwa ikang'aa.

Susu, nyanya yake, alikuwa ameketi kando ya mkeka akichagua mbegu za kunde. "Kalunde, mwambie mama yako asante kwa majivu," alisema kwa furaha. "Laini ajabu! Nimeyachanganya na mbegu zangu za kupanda, nikatia kwa kikopo. Wadudu mwaka huu watajua hawajui!"

Hapo ndipo alipopaswa kufungua mdomo. Susu angecheka, mbegu zingechekechwa, na mambo yangeisha. Lakini Kalunde aliogopa kuitwa mtoto asiyesikia, akanyamaza. Jumatatu aliwahi shuleni kabla ya watu wote, akaokota vipande vya chaki chini ya ubao, akavisaga kwa jiwe. Chaki ni nyeupe, unga ni mweupe. Nani angejua?

Limau lilijua. Madam alianza kwa kulikamulia jiwe la chokaa, na povu likafoka, chwaa! Darasa likashangilia. Kisha akaukamulia unga wa Kalunde. Kimya. Akaongeza matone. Unga ukalowa tu, basi.

Madam alikunja uso. "Mbaluka, ulikuwa unapuliza kweli, ama ulikuwa unacheza na mrija?"

"Alikuwa anapulizia nzi!" Kiilu, mwanafunzi mwenzao, akadakia kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

"Madam, haki ya Mungu nilipuliza!" Mbaluka alisema, machozi yakimlengalenga.

Kalunde alitazama viatu vyake.

Wakati wa chakula cha mchana Mbaluka hakugusa githeri yake. "Kalunde," alinong'ona, "kwani pumzi yangu ina shida? Labda niko na ugonjwa wa kifua. Nimwambie mama anipeleke hospitali?"

Loo! Kalunde aliona aibu. Rafiki yake alikuwa anaogopa kuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa uongo wake yeye.

"Pumzi yako ni nzima," alisema. "Mbaya ni mimi." Akamshika mkono, wakaenda mpaka ofisi ya walimu, na huko akasema yote huku akilia.

Madam Mukami alimgeukia Mbaluka kwanza. "Nisamehe, mwanangu. Nilikulaumu kabla sijauliza." Kisha akamwambia Kalunde, "Chaki hizi zetu ni za jasi. Ni nyeupe, lakini si kalsiamu kaboneti. Hata ukizitia limau kutwa, hazitoi povu."

Jioni hiyo walimwendea Susu wote watatu. "Aiyaa!" Susu alishika kichwa. "Kumbe nimewatilia watoto safari yao kwa kunde!" Alicheka, kisha akamtazama mjukuu wake. "Nawe ukaniacha nikishukuru tu, Kalunde? Ukanyamaza?"

Kalunde akaenda kumletea kikopo cha mbegu.

Susu alizichekecha mbegu juu ya kisahani, vumbi jeupe likaanguka. Madam alimpa Mbaluka limau. Mbaluka akakamua. Chwaa! Povu likafoka.

"Hewa inayotoka hapo ndiyo ile uliyopuliza," Madam alimwambia. "Ilikuwa imekaa ndani ya unga wakati wote."

Mbaluka aliinama akalitazama povu lake, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Na wewe, Kalunde," Madam aliendelea, "kuacha sahani nje lilikuwa kosa dogo. Tungelirekebisha siku ile ile. Lakini ulipoficha, mwenzako alichekwa, akaanza kushuku hata pumzi yake. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako. Mbaluka atakwenda Kitui na Kiilu. Wewe kesho utaliambia darasa ukweli."

"Ndiyo, Madam," Kalunde alijibu kwa sauti ndogo.

Asubuhi alisimama mbele ya ubao ule ule alikookota chaki. Kiilu alikuwa anamtazama, darasa zima lilikuwa linamtazama. Alimtafuta Mbaluka kwa macho, akaanza:

"Mbaluka alipuliza kweli."