Namba za Jimbo la Jirani

Ndugu zangu, nyumba ya akina Thibodeau pale mjini Methuen, jimbo la Massachusetts, ilikuwa imetulia. Ijumaa ile theluji ilianguka polepole, na Noreen alikuwa akigeuza chapati za maji katika jiko la nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mumewe, Wendell, akaingia akicheka, kibao cha namba za gari mkononi.

"Njoo uone, mke wangu! Pikapu imehamia New Hampshire!"

"Pikapu imehamia. Na wewe je?"

"Mimi nipo hapa, nataka chapati. Nimewaambia wa ofisi ya magari kule kwamba naishi kwa kaka yako Gerard."

Noreen hakushangaa sana, kwani ni yeye aliyemwomba Gerard anwani yake. Huku Massachusetts ukinunua gari unatozwa kodi, na bima ni lazima. Ng'ambo ya mpaka, jimbo la New Hampshire, mwendo wa dakika chache, kodi hiyo hawana, na bima hawamlazimishi mtu.

"Lakini gari litalala hapa, Wendell. Likigonga mtu?"

"Acha uchuro! Nani atakuja kuchungulia linalala wapi?"

Noreen akamwekea chapati kwenye sahani.

Mtaani tulijua sote. Jirani yao Constance Pelletier, mjane asiye na gari, alimtania Wendell kila asubuhi: "Hujambo, mgeni! Unarudi lini kwenu New Hampshire?" Tukacheka. Hakuna aliyemwambia la maana, nami nikiwemo.

Februari, barabara ikiwa barafu tupu, Noreen aliteremka kilima akiendesha pikapu. Alikanyaga breki, gari likateleza. Constance alikuwa anaburuta pipa la taka kulitoa barabarani. Pikapu ilimbana kwenye ukuta, ikamvunja nyonga.

Noreen alikwenda kumwona hospitalini huku analia.

"Usilie, mwenzangu," Constance alisema. "Barafu haina mwenyewe. Niambie tu bima yenu ni ya kampuni gani. Nikitoka hapa nitahitaji mtu wa kuniogesha."

Noreen akatazama sakafu.

"Hatuna bima, Constance."

"Hamna? Wee! Huku nani hana bima?"

"Gari ni la New Hampshire."

"La New Hampshire! Mbona kila siku linalala mlangoni kwangu?"

Noreen aliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwake.

Yaliyofuata ni mawakili na mahakama. Constance sasa anatembea kwa kigari cha kuegemea, na kilima hakipandi tena. Nyumba ya baba yake Noreen iliuzwa ili Constance ahudumiwe. Siku ya kuhama, Wendell alifunga godoro nyuma ya pikapu. Hawakuwa na kwingine kwa kwenda ila chumba cha chini, kwa Gerard.

Kwa hiyo anwani ile sasa ni ya kweli. Wanaishi New Hampshire, kama Wendell alivyoapa.

FUNZO

Sajili gari lako pale linapolala. Ada na bima zinaudhi, sikatai, lakini bima unaikata kwa ajili ya jirani utakayemgonga bila kukusudia. Nasi tunaocheka na mdanganyifu mtaani tujue kwamba Constance alicheka pia.