Kaburi Lililohama Khuwair

Ijumaa, saa sita na robo mchana, mtaa wa Khuwair ya Kusini huku Uarabuni, Dokta Ruqaya wa mambo ya kale alifungua geti la kiwanja akakuta kaburi limeibiwa. Si sanda wala pete ya marehemu. Kaburi zima, na mawe yake tisa ya kusimama, ambayo hata tembo angeomba msaada kuyasogeza. Alhamisi alilipiga picha: chumba cha kuzikia cha Zama za Mawe, mifupa imejikunja kama mtoto tumboni, uso mashariki. Sasa palikuwa tambarare, pamejaa alama za mashine ya kuchimbia.

Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: wa Ruqaya, wa Msellem mwenye kiwanja, na wa mlinzi wake, Otieno.

"Ni huyu," Msellem alimwambia Inspekta Hamdiya wa polisi, aliyeitwa na Ruqaya. "Kaacha lindo. Nshamkatia tiketi, anaondoka leo saa mbili usiku."

Otieno alimgeukia inspekta. "Madam, nilienda kanisa mtaa wa Ruwi tu, saa mbili mpaka saa sita. Kila Ijumaa naenda, mudir wangu huyu anajua. Nikirudishwa Kenya hivi, watoto wangu watatoka shule."

Saa tisa na nusu. Hamdiya aliuzunguka ukuta taratibu, Msellem nyuma yake akimhimiza. Nyuma ya banda la saruji udongo ulikuwa umefukuliwa, tena umemwagiwa maji.

"Chimbeni," aliwaambia askari wake.

Saa kumi na moja mawe yakatokea, na chini yake mifupa. Imenyooshwa, imelazwa ubavu wa kulia, fuvu limeelekezwa kibla.

"Otieno, kwenu maiti hulazwaje?" Hamdiya aliuliza.

"Chali, madam. Anaangalia juu."

"Na wewe, Ruqaya?"

"Mimi niinyooshe? Mfupa mmoja hausogezwi kabla haujachorwa!"

"Basi umebaki ufunguo mmoja, ami Msellem. Na saa za kanisa ulizijua."

Jasho lilimchuruzika mzee. "Kibali cha kujenga nimekingoja miaka tisa! Serikali ingesema ni mambo ya kale, ndo basi tena. Nlitaka nimtupe bondeni, wallahi. Lakini nlipomshika kichwa... maiti, Hamdiya! Ntamtupaje maiti?"

"Ukamstiri, na maji ukamnyunyizia. Huyu aliye hai ukataka kumpakia ndege."

Otieno alikuwa ameikodolea macho saa ya inspekta.

"Madam, sasa ile ndege?"

"Iende zake. Wewe nenda ukale."