Vipimo Nilivyobuni

Kila siku nikitoka shule nilipitia nyumbani kuchukua ugali wa baba na migebuka, samaki wa ziwa letu, nikampelekea kituoni. Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani pale Bangwe, ambako Warundi waliovuka ziwa mwaka ule waliandikishwa kabla ya kupelekwa kambini kwa mabasi. Baba yangu, Eliakimu, alikuwa fundi wa kompyuta pale. Mimi, Catherine, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona nusu fundi.

Kumbukumbu za wakimbizi, yaani majina, alama za vidole na picha, zilitunzwa katika kompyuta nne zilizofanya kazi kama moja. Kila moja ilibeba fungu lake pamoja na nakala ya fungu la mwenzake, ili moja ikifa habari za watu zisipotee. Kwa hiyo zilisemezana mchana kutwa, na mazungumzo yote yalipitia kisanduku kimoja chenye matundu ya waya, kiitwacho swichi. Swichi ya zamani ilikuwa imechoka. Duka moja la Dar es Salaam likatuletea mbili tujaribu: moja ya bei nafuu, yenye matundu mengi na taa za kupendeza, na nyingine ghali, nyeusi, yenye matundu machache.

Mimi nilipenda ile ya taa. Baba alicheka, akaniambia matundu si hoja.

"Hoja ni siku kompyuta zitakaposema zote kwa pamoja," alisema. "Wapishi watatu wakikukabidhi sahani kwa wakati mmoja, ukiwa na meza unaziweka. Huna meza, zinaanguka, na chakula kinapikwa upya. Swichi nzuri ina meza pana."

Jumamosi moja tulianza kupima. Kipimo cha kwanza, kompyuta moja kuitumia nyingine picha, tulikifanya pamoja, na swichi zote mbili zikawa sawa. Kipimo cha pili kilikuwa kompyuta tatu kuitumia moja kwa wakati mmoja, mara sita kwa kila swichi. Baba aliitwa kutengeneza mashine ya kuchapia, akaniachia saa na daftari.

Hazikupita dakika tano, rafiki yangu Regina akachungulia dirishani. Timu yao ya mchezo wa rede ilikuwa imepungukiwa mtu. Nikalitazama daftari, nikamtazama Regina. Nikachukua namba za kipimo cha kwanza, nikazizidisha mara tatu, nikaongeza sekunde hapa na kupunguza pale zisifanane mno. Mjanja mimi. Hesabu ilikuwa safi kabisa, ila ukweli ndio haukuwamo.

Baba alizisoma namba zangu, akaona swichi zote mbili ni sawa, akanisifu, akachagua ile ya bei nafuu. Ile nyeusi akairudisha kwenye boksi lake, ingoje treni ya kurudi Dar.

Wiki ya pili watu walifurika. Makarani wote walikaa mezani, kompyuta zote zikaanza kusema kwa pamoja, na kazi ikasimama. Picha moja ilifunguka, ya pili ikakwama, ya tatu haikuja kabisa. Baba akadhani diski zimeharibika. Alizifungua kompyuta moja baada ya nyingine, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chakula nilichompelekea nilikikuta kesho yake kimefunikwa vilevile.

Kwenye benchi mbele ya karani alikaa msichana wa rika langu, Ella, na mdogo wake Irambona mapajani. Mama yao, Kabura, alipanda mtumbwi mwingine, wakapoteana. Kwa Warundi, kama kwetu Waha, kila mtu ana jina lake mwenyewe. Jina la mtoto halikuonyeshi mama yake ni nani. Na kina Kabura kwenye orodha walizidi mia. Njia ilikuwa moja tu, Ella atazame picha zao moja moja. Picha ikifunguka alitikisa kichwa na kusema, "Si we," yaani siye, kisha wote tulisubiri nyingine ambayo haikuja. Nilitaka kumsaidia na sikuweza. Hata maji niliyomletea alimpa mdogo wake.

Siku ya nne, mkuu wa kituo, mama Skolastika, alimuuliza baba mbele ya watu kama kweli swichi ile ilipimwa.

"Ilipimwa, mama," baba alijibu. "Namba aliziandika mwanangu. Mtoto huyu hanidanganyi."

Boksi la swichi nyeusi lilikuwa mlangoni limefungwa kamba, tayari kwa treni ya jioni ile. Nilisema kwa sauti ndogo hata baba akainama kunisikia.

"Baba, kipimo cha pili sikukifanya. Nilibuni."

Hakunipiga wala hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikata kamba za boksi, akanipa saa na daftari, tukapima mbele ya mama Skolastika. Swichi ya taa ilikwama mara ya tatu. Ile nyeusi ilimaliza zote sita. Diski hazikuwa na kosa lolote.

Swichi nyeusi ikafungwa mahali pake na picha zikaanza kufunguka. Ella alitikisa kichwa mara arobaini hivi. Kisha hakukitikisa.

"Ni we," alisema.

Karani alisoma maandishi yaliyokuwa chini ya picha. Kabura alikuwa amelala siku tatu katika mahema ya wanawake, ng'ambo ya ukuta uleule Ella alioegemea. Alipanda basi la kambini asubuhi ya siku ile. Basi jingine lilikuwa la Jumatatu.

Nililia, nikamwomba Ella msamaha. Sijui kama alinielewa. Alikuwa akimwonyesha mdogo wake ile picha.

Baba alinitoa nje tukaketi kizingitini.

"Ungeacha daftari tupu ningepima mwenyewe," alisema. "Pengo lingenishtua. Namba zako zilinifumba macho, nikatafuta ugonjwa pasipo na ugonjwa. Kazi usiyoifanya, sema hukuifanya. Utaona aibu ya siku moja tu, basi. Hizi siku nne za mtoto yule, mimi na wewe hatuwezi kumrudishia."

Jumatatu niliwasindikiza Ella na Irambona hadi kwenye basi. Jioni basi lilirudi na barua kutoka kambini kwamba Kabura amewapokea wanawe. Baba aliibandika ndani ya jalada la daftari langu la vipimo, na mpaka leo ipo pale.