Gari Liko Njiani

Hebu niambie, mama yako akibanwa na kifua saa hii, anaweza kumweleza mtu asiyemjua nyumba yenu iko wapi? Usijibu haraka. Muuguzi mmoja alikuwa akiuliza swali hilo kila siku ya kazi, mlango kwa mlango, na kila mtoto wa mtu alijibu kwamba bila shaka mama anaweza. Kisha mama mwenyewe akiulizwa, anasema, "Wataniuliza ya nini? Waje tu hapa kwetu."

Kazi ya muuguzi huyo ilikuwa kuwaandaa wazee kupiga simu ya dharura. Aliwaandikia kadi kwa herufi kubwa, akazibandika ukutani juu ya simu zao. Jina lako. Unakaa wapi, na nyumba inatazamana na nini. Kinachouma. Dawa unazomeza. Acha mlango wazi. Usikate mpaka uambiwe. Alikuwa na subira kwa wazee wote wa mji ule, isipokuwa aliyemzaa.

"Mama, tunarudia."

"Tumerudia tangu asubuhi. Hata wa shule hupewa mapumziko."

"Umepiga, mtu amepokea. Unasema nini?"

"Sipigi. Yule aliyepokea juzi simtaki."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, kifua kilimbana Mama kweli. Akafuata kadi mstari kwa mstari. Akajibiwa kwa upole: huduma ya dharura, nakusikiliza, gari liko njiani, usifunge mlango. Akakaa kwenye kiti akikodolea macho mlango ulio wazi, hadi jua likazama nyuma ya karakana ya seremala ng'ambo ya barabara. Jirani fundi cherehani, aliyekuja kudai mkasi wake, ndiye aliyemkuta midomo imebadilika rangi, akaita teksi. Daktari alisema mara nyingine wakichelewa hivyo, wasijisumbue kuja.

Muuguzi alikwenda kituo cha simu za dharura akiwa amejaa hasira mpaka kooni. Msimamizi akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena.

"Dada, kutoka nyumba hiyo haikuingia simu Jumanne. Ngoja nirudi nyuma. Mwezi uliopita, hakuna. Mwaka huu wote..."

"Basi, inatosha," Muuguzi akamkata, akaondoka bila kuaga.

Kaka yake, mwenye jibu la kila kitu, alikuwa na la hilo pia. "Mama anaota mchana. Uzee. Kwani baba mwezi wa tatu hakufa kwa kusahau namba? Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

"Nyamaza kidogo, Kaka."

"Sioti," Mama akasema, polepole, kama anayeona haya kwa niaba ya mwingine. "Na tena aliyepokea ulikuwa wewe, mwanangu. Ile sauti yako ya kazini. Ila aliniita mzee."

Muuguzi alicheka, kicheko kikavu. Akaenda kwenye simu kumaliza upuuzi huo. Mkonga wa simu ulikuwa na joto, kama umetoka tu sikioni mwa mtu, na harufu ya dawa ya kuchua, ile ya baba ya kuchoma pua, ilipanda kutoka kwenye matundu ya kuzungumzia. Akabonyeza namba, na kabla haijaita hata mara moja akasikia pumzi, kisha sauti yake yeye mwenyewe, tamu na ya kuchosha kama anavyoongea na wazee, ikisema huduma ya dharura, nakusikiliza, mzee, usiwe na haraka, taja jina lako kwanza; na nyuma ya sauti hiyo, mbali kama mtu aliye ndani ya tangi la maji, mwanamume alikuwa akitaja jina lake, na nyumba yake, na karakana inayotazamana nayo, na dawa zake mbili, bila kuruka hata mstari mmoja wa kadi, akimaliza anaanza upya. Akautupa mkonga. Akajaribu kwa simu ya mkononi ya Kaka, palepale sebuleni, akapokelewa na sauti ileile.

Safari hii Kaka alisikia. Alitoka bila viatu, akarudi na mganga.

Muuguzi alitarajia vishindo na kupandisha mashetani. Akaletewa mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliusikiliza mkonga kwa muda mrefu, kisha akauweka mezani ukitazama juu.

"Jini huyu si mkorofi," akasema. "Mtu aliita hapa, hakusikika na aliyemwita. Jini akapita, akaitika. Sasa yuko zamu, na hajui kuondoka."

"Mfukuze basi," akasema Kaka.

"Nyinyi wauguzi mnaondokaje zamu?" mganga akamuuliza Muuguzi.

"Tunakabidhi."

"Mnakabidhi nini?"

"Kila kitu. Na makosa pia." Akageuza uso. "Mzee, mimi nimesoma. Nina kazi zangu. Haya maigizo..."

"Mwanangu," Mama akaita. Mkono wake ulikuwa kifuani.

Kaka alipiga, akajibiwa gari liko njiani. Akakata, akapiga tena. Liko njiani. Mganga akakimbilia nje kutafuta simu nyingine, na simu ya fundi cherehani nayo, walimsikia akisema kwa mshangao barabarani, ilikuwa inazungumza kwa sauti ya mwanamke. Mama alikuwa ameanza kuvuta pumzi kwa vipande, macho yake yakiwa mlangoni, akingoja kwa utiifu kama alivyofundishwa, na ule utiifu ndio uliomvunja Muuguzi kuliko harufu iliyokuwa imejaa chumba chote na kuliko sauti ya baba iliyokuwa sasa inatoka mezani bila mtu kuishika, jina, nyumba, karakana, dawa, mlango uko wazi, mwanangu, sijakata.

Akapiga magoti, akauchukua mkonga.

"Baba, ni mimi. Napokea zamu." Sauti zote mbili zikakoma. "Hukusahau namba. Nilichomoa waya wa simu ili ufanye mazoezi bila kuwasumbua watu wa kituo. Nikakaa chumbani, nikajifanya mpokeaji, nikakuambia gari liko njiani. Nikaondoka sijaurudisha. Siku ile nilifika wa kwanza, nikakukuta umeshapoa, umeushika mkonga. Niliuchomeka waya kabla Kaka hajaingia."