Barua Mbili za Binti Brashi

Kila asubuhi fundi wa mabango alifungua karakana yake kwa kelele. Alisukuma mlango wa bati, akakoroga rangi na kuimba vibaya. Mtaani walimwita Brashi. Binti yake ndiye aliyempigia mistari kwa penseli kabla ya herufi kupakwa rangi. Mistari ya binti haikupinda hata kidogo.

Wiki moja mistari ilipinda. Binti alikuwa na aibu, na aibu yenyewe alijitakia.

Jumatatu, chuo kikuu alichokitamani kuliko vyote kilimjibu. Barua iliingia kwenye simu yake. Haikusema amekubaliwa, wala haikusema amekataliwa. Ilisema amewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Baba alikuwa juu ya ngazi, akichungulia chini kama mtoto anayengoja zawadi.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Nimepata, Baba."

Maneno yalimtoka kabla hajafikiri. Baba nusura aanguke na ngazi yake. Mchana huohuo alichukua rangi ya mafuta, nyekundu, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: BABA INJINIA. Hakungoja hata kupigiwa mistari.

Tangu hapo binti hakupata pa kupita. "Injinia!" muuza nyama alimwita. "Mizani yangu ina wazimu, njoo uitibu!" Watu walicheka. Binti naye alicheka, lakini moyoni alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kulikuwa na barua nyingine. Chuo kikuu kidogo, cha mji mwingine, kilikuwa kimempa nafasi ya somo lilelile la uhandisi. Kilitaka jibu kabla ya Ijumaa kwisha. Binti hakukijibu. Angekijibuje? Siku ya safari baba angeuliza mbona wanaelekea mji mwingine. Na barua ya kwanza hakuisoma mpaka mwisho. Aliiona ni njia ya upole tu ya kumfukuza.

Alhamisi alikuja jirani yao, karani wa usajili katika chuo cha ualimu. Alifuata kibao chake alichoagiza, kilichoandikwa MBWA MKALI, ingawa hakuwa na hata paka. Baba alikuwa ametoka kwenda kupima ukuta wa mteja.

"Hongera, mwanangu," karani alisema. "Umeshathibitisha nafasi yako? Vyuo vingi mwisho ni kesho."

Binti alijaribu kusema ndiyo. Badala yake machozi yakamtoka. Akasimulia yote, macho yake yakiwa sakafuni.

Karani alivuta ndoo tupu ya rangi, akaikalia. "Nipe simu. Tusome barua yote, si mstari mmoja."

Walisoma pamoja.

"Unaona hapa?" karani alisema. "Kuna watu waliokubaliwa ambao hawataenda. Wamepata kwingine, au wameahirisha. Nafasi zao wanapewa walio kwenye orodha. Hujakataliwa."

"Kwa hiyo nitapata?"

"Sijui, na chuo chenyewe hakijui bado. Anayekuahidi anakudanganya. Lakini soma hapa chini. Wanataka uwajibu kabla ya kesho jioni kwamba bado unataka kusubiri. Ukinyamaza, wanakufuta."

Binti alishtuka. Siku nne alikuwa amenyamaza.

"Na hiki chuo kidogo?"

"Kikubali leo. Wengi wanakosea hapo. Wanashikilia orodha moja, wanaachia nafasi iliyo mkononi, mwisho wanakosa zote mbili."

"Nikikubali huku, kule si watanitoa?"

"Tusome masharti. Hayafanani kila mahali." Karani alisogeza barua kwa kidole. "Hawa wanasema unaruhusiwa kushika nafasi kwingine wakati unasubiri. Umesalimika. Kuna habari yoyote mpya ambayo hawakuwa nayo ulipoomba?"

"Matokeo ya mwisho ya hisabati. Yamepanda."

"Watumie, kwa barua fupi. Waulize pia orodha inafungwa lini. Halafu waache wafanye kazi. Usiwapigie simu kila siku, watakuchoka. Mimi mwenyewe huwa nachoka."

Binti alitabasamu kidogo. "Na Baba?"

"Hapo sina fomu ya kukupa," karani alisema. "Hilo ni la kinywa chako."

Baba aliporudi, binti hakumngoja atue ngazi. "Baba, nilikudanganya. Sijapata. Nipo kwenye orodha ya kusubiri."

Baba alisimama na ngazi begani. Alitazama mlango wake, akatazama mtaa. "Nimeshawaambia watu wote," alisema polepole.

"Najua. Nisamehe, Baba. Niliona aibu."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kuona uso wako ukibadilika."

Uso ulikuwa umebadilika kweli. Iliuma, na hakuna aliyejifanya haiumi. Baba aliegemeza ngazi ukutani. Kisha alitia brashi kwenye rangi nyeupe, akaanza kufuta herufi zake mwenyewe. "Na mimi nilikimbilia rangi," alisema. "Barua yenyewe sikuomba hata kuiona. Ilete niisome."

Jioni muuza nyama aliita tena, "Injinia!" Binti alimwendea, masikio yakiwaka moto, akamwambia ukweli. Muuza nyama alikuna kichwa. "Basi mizani itasubiri na wewe," alisema, akaendelea kukata nyama. Kumbe ilikuwa hivyo tu.

Ijumaa asubuhi barua zote mbili zilikuwa zimejibiwa. Chuo kikubwa kilieleza kwamba orodha itafungwa baada ya wiki sita. Wiki sita zikapita, orodha ikafungwa, na jina lake halikuitwa. Binti alilia siku nzima. Kesho yake alipanga nguo zake sandukuni, kwa sababu alikuwa na pa kwenda.

Siku ya usajili katika chuo kidogo, foleni ilikuwa ndefu. Baba alishindwa kukaa kimya, kama kawaida yake.

"Binti yangu anaingia uhandisi," alimwambia mama mmoja aliyekuwa mbele yao. "Kule alikotaka walimweka kwenye orodha ya kusubiri. Hakuitwa. Hapa wamemchukua."

Alisema kwa sauti kubwa, foleni nzima ikasikia. Binti alingoja aibu imshike. Hakutazama chini.

Mama yule aligeuka. Kando yake alisimama msichana aliyeinamisha kichwa. "Na wangu ni hivyohivyo," mama alinong'ona. "Baba yake mpaka leo hajui tuko hapa."

Binti Brashi alisogea karibu na yule msichana. "Simu unayo?" alimuuliza. "Mpigie sasa. Mimi nitakushikia nafasi yako."