Jina la Tatu kwa Mtu wa Majani

"Mama yangu! Hao ni watu kweli?"

Nibigira, mhudumu, alisimama mlangoni pa nyumba ya wazee, Seven Hills, glavu mkononi, mdomo wazi. Bustanini walikuwa wakiingia watu saba waliovikwa majani makavu tangu kichwani hadi magotini, nyuso hazionekani, wakipiga filimbi na ngoma. Wa mbele alibeba kindege cha kuchonga juu ya fimbo. Jua la Desemba, kiangazi cha huku kusini mwa dunia, lilichoma, lakini yeye mwili wote ulimsisimka.

"Kwetu Ireland mchezo huu siku yake ndiyo leo, siku inayofuata Krismasi, katikati ya baridi," alisema Bibi Kelly kutoka kiti chake cha magurudumu. "Hawasemi. Unataja majina matatu tu. Ukipatia, mtu anavua. Ukikosa, anaondoka zake. Taja wewe, mimi macho yameshachoka."

Nibigira akacheka. Hakuwa amecheka tangu Septemba, mchumba wake Oloo alipomwandikia kutoka Kisumu: "Nibi, mipaka haifunguki. Usinisubiri." Oloo alikwenda kumzika baba yake, korona ikamfungia huko karibu miaka miwili. Baada ya ujumbe huo, kimya.

Mpiga ngoma akamsogelea. Akapiga mbili, akanyamaza, akapiga moja.

Moyo ulimlipuka paa! Mlango wa chumba alichopanga mtaani Rooty Hill uligongwa hivyo hivyo kila Jumapili, na mgongaji alikuwa mmoja tu. Furaha ikampanda, hasira ikaifuata mbio.

"Huyu ni Mwangi wa jikoni," akasema.

Majani yakatikisika: hapana.

"Basi ni Révérien," akasema kwa Kiswahili, makusudi. "Yule anayesubiri jibu la posa jioni hii."

Kijiti cha ngoma kikamponyoka mtu wa majani.

"Limebaki moja, binti," Bibi Kelly alionya. "Ukikosa, anakwenda."

Nibigira akamtazama. Mtu mzima, kajifunika manyasi kwenye joto lote hili kwa kuwa aibu ilimzuia kuja na uso wake. Alitaka amwache aende. Alitaka kweli.

"Oloo. Vua."

Akavua, jasho likimtiririka. Chini yake, barakoa.

"Na hiyo."

"Nibi, si ni sheria?"

"Tuko nje. Vua nikuone!"

Akavua. Ni yeye, amekonda, macho yamejaa machozi. Wazee wakapiga makofi.

"Walifungua mipaka tarehe kumi na tano, nikapanda ndege," Oloo alisema. "Kugonga kwako nilishindwa, aki ya Mungu. Hawa ni wasee, jamaa wa kazi yangu ya zamani, wakanivisha. Huyo Révérien... utamjibu nini?"

Nibigira aliokota kijiti, akamrudishia mkononi, na mkono hakuuachia.

"Nitamwambia mwenyewe karudi."