Nyota Tano za Rasi Nyeupe

Nilikwenda kupeleka vyeti. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Mingoyo wamenizushia mengi, mara nilikwenda kwa mganga, mara mimi mwenyewe ndiye mchawi. Nilikwenda kupeleka vyeti vya mdogo wangu, basi.

Mdogo wangu anaitwa Hussen. Alisoma uhasibu, akafaulu vizuri, kisha akarudi nyumbani kukaa kibarazani na simu yake. Mimi nakaanga korosho na kuwauzia abiria wa mabasi hapa njiapanda. Sikusoma sana, lakini mdomo ninao, na kila nilipopita pale kibarazani nilimtupia neno. "Mhasibu, leo umehesabu magari mangapi?" Alikuwa anacheka. Siku moja hakucheka, nami nikaacha.

Alikuwa amekwisha kutapeliwa, akaitwa kwenye usaili na kukuta ofisi ni chumba kitupu. Kwa hiyo alipoona tangazo la Rasi Nyeupe, kampuni ya chumvi huko pwani kabla hujafika Kilwa, hakukurupuka. Aliingia kwanza kwenye ule mtandao ambao wafanyakazi huandika habari za waajiri wao na kuwapa nyota, moja mpaka tano. Akaniita tusome pamoja.

Nyota tano. Tano. Tano. Ukurasa mzima.

"Salama. Kazi nzuri."

"Nzuri. Bosi ana utu."

"Salama tu. Karibuni."

"Watu wote hawa hawawezi kudanganya, dada," Hussen alisema.

Kati yao alikuwemo Andrea, kijana wa Kipatimu aliyesoma naye. Tulimjua. Mwaka mmoja alikuja kufuturu kwetu, Mkristo wa watu, akala tambi kuliko sisi tuliofunga. Hussen akamwandikia palepale: habari za huko? Jibu likaja upesi.

Nzuri.

Hussen akajipiga paja kwa furaha. Mimi nikasema alhamdulillahi. Hakumaliza wiki, akaondoka.

Sasa nieleze kosa letu. Sisi watu wa huku tuna adabu ya salamu. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri kwanza, hata kama maiti iko ndani. Habari za nyumbani? Nzuri, ila baba hatunaye tena. Ile nzuri ni ya heshima tu. Habari yenyewe inafuata nyuma, na mwenye adabu husubiri. Mama ametulea hivyo. Lakini mbele ya ile simu hatukusubiri. Tulipewa salamu, tukadhani tumepewa habari.

Siku chache baadaye Hussen akapiga simu. Kampuni inataka vyeti halisi, siyo vivuli, na yeye haruhusiwi kutoka kwanza. Nikapanda basi. Niliposhuka barabarani jua lilikuwa limeshalegea, nikachukua pikipiki. Dereva aliitwa Bakari, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Njia ilikuwa ya mchanga, mikoko huku na huku, na hatukukutana na mtu.

"Watu wengi unawaleta huku?" nilimuuliza.

"Wengi, dada. Wanakuja na mabegi yao, wamefurahi."

"Na wakirudi?"

Akapunguza mwendo.

"Kurudisha, bado sijamrudisha mtu."

Alisimama mbali na geti. Hakutaka kusogea zaidi, ila aliapa kunisubiri. Pale getini, chini, palimwagwa mstari wa chumvi kutoka nguzo mpaka nguzo. Nikauruka. Nilidhani imemwagika tu.

Ndani ilinuka ubani. Na chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine... pumba za mahindi zilizochacha.

Mwanamke mmoja akanipokea. Umri wa mama yangu, hina mkononi, sauti ya upole kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Ziada. Hussen yuko kwenye chakula, mngoje." Akachukua vyeti bila kuviangalia, akaingia ndani.

Jina langu sikuwa nimemtajia.

Nyuma ya jengo kulikuwa na yale madimbwi mapana ambamo maji ya bahari huachwa yakauke yabaki chumvi. Nilisikia reki za mbao zikikwangua. Kra... kra... kra... Watu wengi, hakuna anayeongea. Wewe umewahi kuona vijana wanafanya kazi pamoja bila hata utani? Mimi sijawahi.

Magharibi iliingia bila adhana.

Reki zikanyamaza kwa pamoja. Wakatoka madimbwini mmoja mmoja, wakaketi kwenye majamvi, na kila mmoja akatoa simu. Nyuso zikawaka mwanga wa bluu. Vidole gumba vikaanza kwenda. Tik... tik... tik...

Simu yangu ilikuwa mkononi. Sijui nini kilinituma, nikafungua ule mtandao.

"Salama. Kazi nzuri." Sasa hivi.

"Nzuri. Bosi ana utu." Sasa hivi.

Zilikuwa zinaingia mbele ya macho yangu.

Mwishoni mwa jamvi niliona shingo ninayoijua. Nikachutama mbele yake. "Andrea," nilinong'ona. "Mimi Ziada, dada yake Hussen. Habari za hapa?"

Aliniangalia. Akaandika kwenye simu yake, akanigeuzia nisome. Nzuri.

Safari hii nilisubiri.

Nilisubiri kama nilivyofundishwa, nimetulia, namtazama usoni. Machozi yakaanza kumtoka. Kisha akafumbua kinywa, taratibu, akanisogezea mwanga wa simu nione.

Hakikuwa na ulimi.

Nilirudi nyuma kwa makalio mpaka nikagonga ukuta. Hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Hapo Hussen akatokea mlangoni, mzima, anatabasamu, bakuli mkononi.

"Dada! Hebu onja uji huu. Kiwanda cha chumvi, chakula hakina chumvi!"

"Vaa viatu twende," nilisema. "Andrea hana ulimi, Hussen. Wamemkata."

"Aliniandikia kwamba ni ajali. Na bado wamempa kazi. Nani mwingine angempa?"

"Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi, dada?" Hakupandisha sauti. "Kibarazani? Nikahesabu magari?"

Niliumia jamani. Nikalia pale pale, na yeye kuniona nalia akalegea, kwa sababu Hussen ana roho nzuri tangu mtoto. Akaweka bakuli chini. "Basi nikusindikize mpaka kwenye pikipiki. Tutaongea njiani."

Tukaenda hadi getini. Mimi nikavuka. Yeye akasimama.

"Ngoja... mguu umekufa ganzi."

Akaujaribu mwingine. Alikuwa anacheka, kisha hakucheka tena. Nyayo zilikuwa zimetua kwenye mchanga upande wa ndani wa ule mstari mweupe na hazikunyanyuka. Nikamshika mkono, nikavuta. Bakari naye akaja mbio, akavuta. Watu wawili wazima tunavuta kijana mwembamba, na hakusogea hata unyayo.

"Mtanivunja mkono," alinong'ona. Sasa alikuwa ameelewa. Niliona usoni mwake akielewa. "Dada, nenda kalete watu. Nenda haraka."

Nyuma yake, gizani, ile sauti ya upole ikaita.

"Hussen... uji unapoa, baba."

"Naam," Hussen akajibu.

Akageuka. Miguu ikamtii vizuri kabisa.

Asubuhi nilirudi na mjomba wetu Nurdin na askari mmoja tuliyempata kwa kubembeleza. Mstari getini haukuwepo. Tulipewa soda. Vijana wawili watatu walikuwa wanakwangua chumvi, wakatupungia mikono. Hussen, tuliambiwa, ametumwa mbali kwa gari. Askari akatoa simu, akatafuta, akanionyesha kwa huruma.

"Dada, hawa wana nyota tano. Ingekuwa pabaya, wafanyakazi wangesema."

Kabla ya Ijumaa waliileta maiti ya Hussen. Homa kali, walisema. Walimleta ameshaoshwa, ameshakafiniwa, wakasema wamefanya hivyo kwa wema ili kutupunguzia mzigo. Kwetu maiti huoshwa na ndugu zake. Lakini walikuja na ubani, na mchele, na maneno matamu, na wazee wakaona kufungua sanda ni kumdhalilisha marehemu. Sisi wanawake hatwendi kaburini. Nilibaki ukumbini na mama, nikasikia tu jeneza likitoka.

Mjomba Nurdin aliporudi hakutaka kula. Nilimfuata uani.

"Mjomba, mmemzika?"

"Tumezika," alisema. Akaangalia mikono yake. "Ilikuwa nyepesi, Ziada. Na ilinuka mgomba." Neno lenyewe alilinong'ona, kana kwamba ukuta una masikio. "Msukule." Yaani tumezika gogo, na mwenyewe wanaye huko wanamtumikisha. Kisha akanikataza nisiliseme mbele ya mama, wala yeye hajalirudia tena.

Nikampigia Cecilia, mama yake Andrea, kule Kipatimu.

"Habari za huko, mama?"

"Nzuri, mwanangu."

Nikasubiri. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Nzuri... ila Andrea tulimzika kabla ya Kwaresima. Walimleta wenyewe, sanduku limeshapigwa misumari."

Yale maneno ya Andrea kwenye mtandao yaliandikwa baada ya Pasaka.

Matanga yalipoanuliwa, Hussen naye akaandika. Jina lake, picha yake ya chuoni. "Salama. Kazi nzuri." Nyota tano. Nikaweka nyota moja na nikaeleza kila kitu. Watu wa mtandaoni walinicheka. Wakasema nina wivu, nimefukuzwa kazi, nimetumwa na kampuni nyingine. Mtu mmoja dhidi ya mia, nani atamsikiliza? Juzi Umi, binti wa jirani, amekuja kununua korosho za safari. Amepata kazi Rasi Nyeupe. Nilimshika mikono nikamwambia yote, akanihurumia mimi.

"Pole, dada Ziada. Msiba unachanganya. Lakini Hussen mwenyewe amesema pazuri."

Ameondoka na basi la asubuhi.

Usiku huo nilimwandikia mdogo wangu. Habari? Nzuri, akajibu. Nikasubiri. Simu ikaonyesha anaandika... ikaacha. Anaandika... ikaacha. Mpaka isha ikapita, anaandika... na hakuna hata herufi moja iliyonifikia. Yumo mle. Ana neno la kuniambia na kuna kitu kinamfuta.

Nimekwenda kwa mashehe, wamenisomea. Nimekwenda kwa askari tena, wamenipa kiti. Mjomba hataki kufukua, mama hajui, na mimi kila nikikaa pale njiapanda naona mabasi yakishusha na kupakia, na yeye hayumo.

Kwa hiyo leo nimetuma maombi. Kukwangua chumvi hakuhitaji cheti. Najua ninakokwenda, msinifundishe. Wamejibu kabla sijaweka simu chini: karibu, mwanangu.

Begi liko chini ya kitanda. Sikumwambia mama, lakini mama ni mama. Tangu magharibi ametandika mkeka wake mlangoni, amejinyoosha kuziba njia, na mimi nimekaa gizani namsubiri alale.